Wimbo wa Kufunga Bandeji

Wengi wenu mlinikuta na spika mkononi, mkadhani nilizaliwa nayo. Mwezi uliopita niliwaachia, iko kwenye kabati la klabu pamoja na ndoo na makasi, na tangu hapo simu yangu hailali. "Ankol, leo tuweke ngoma gani?" Swali kama hilo siwezi kulijibu kwa simu, tena kwa sikio moja. Kwa hivyo nimekaa mlangoni kwangu hapa Kianda, Kibera, naandika. Shule niliacha darasa la sita, mtanisamehe nikipinda maneno. Majina ya watu sitapinda.

Nilianza kama bondia. Nilitoka magharibi nikiwa kijana, nikapanga chumba huku Kibera, mchana nabeba mawe ya ujenzi, jioni naenda klabu. Klabu ilikuwa ile ile ya mabati mnayoijua, ila wakati huo haikuwa na sakafu ya simiti, ilikuwa udongo, na mvua ikinyesha tulikuwa tunapigana na matope kwanza. Siku ya kwanza aliyenishika mkono alikuwa Mzee Ramadhani. Mnubi wa Makina, kanzu safi, kofia, vidole virefu kama vya mpiga kinanda. Kazi yake ilikuwa kufunga bandeji. Hakuwahi kupigana hata siku moja, na hakuona haya kusema hivyo.

"Fungua vidole," akaniambia.

Nikafungua.

"Hapana. Fungua kama unamsalimia mtu unayempenda."

Akaanza kufunga, na huku anafunga anaimba kwa pua, chini chini. Zilikuwa nyimbo za harusi za kwao, zile kina mama wa Makina wanapigia ngoma, ila yeye alizipunguza mwendo hadi zikawa kama mtu anabembeleza mtoto. Nilikuwa nimeingia pale na mabega yamepanda. Alipofika kidole gumba mabega yalikuwa yameshuka, na sikujua ni saa ngapi yalishuka.

Kocha alikuwa Barasa. Barasa ni mtu wa kwetu, lugha moja, ugali mmoja, na ndiyo maana namtaja bila kumwogopa. Yeye alikuwa na redio ya kaseti, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na kanda moja ya ngoma za fujo aliyokuwa akiirudisha nyuma kwa kalamu ya biki. Kwa Barasa muziki ulikuwa petroli. Bondia akiogopa, ongeza sauti. Akiumwa, ongeza sauti. Alikuwa anakuzungusha ukutani, unapiga mabati kwa ngumi, wenzako wanapiga kelele, hadi unasahau jina la mama yako. Kisha anakufungulia mlango uende ulingoni.

Ndivyo nilivyofunguliwa mlango mimi. Wiki ile nilikuwa nimegongwa mazoezini, sikio la kushoto linalia kama nzi aliyeingia kwenye chupa. Nikamwambia Barasa. Nikamwambia pia Gitau, yule wa duka la hadiwea kule Kawangware, ambaye ndiye alikuwa anaandaa mapigano kule na alikuwa ameshabandika picha yangu kwenye kuta zote kutoka stendi ya 56 hadi mtaa wa Kabiro. Gitau akasema picha haiumwi sikio. Walicheka wote wawili. Barasa akaongeza sauti. Nikapiga mabati, moto ukanipanda, nzi nikamsahau, nikaingia ulingoni nikiwa simba. Nilitoka nimebebwa. Lile sikio halikurudi. Mkinipigia simu leo mtanisikia nasema "ngoja nibadilishe upande" hata kama nimeshabadilisha. Ni mazoea tu.

Barasa na Gitau hawakuja kunitembelea. Mzee Ramadhani alikuja, amebeba uji wa pilipili manga kwenye flaski, akakaa kitandani kwangu upande wa kulia bila kuambiwa. Akasema, "Ukipona, uje unishikie bandeji. Macho yangu yanaisha." Macho yake yalikuwa mazima. Aliishi miaka mingi baadaye akiona sindano iliyoanguka kwenye vumbi.

Basi nikawa mtu wa bandeji, na kwa sababu Mzee alianza kukohoa na hakuweza tena kuimba, nikawa mtu wa muziki. Watu walicheka, nusu kiziwi amepewa redio. Lakini mimi nilikuwa nasikia kwa mgongo. Niliegemea mabati, besi ikipita naipata kwenye mbavu, kamba ya kuruka ikipiga sakafu naipata kwenye visigino. Hata nyinyi jaribuni. Masikio yanadanganywa na kelele za watu, mgongo haudanganyiki upesi.

Hizi ndizo hesabu za kazi yenyewe, na hapa msome polepole. Kabla ya pigano kuna nyimbo mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linalorudi kila mwaka na kila kijana mpya. Kuna wimbo wa bandeji na kuna wimbo wa kamba. Wimbo wa bandeji lazima uwe wa pole. Ukimwekea mtu ngoma ya moto wakati unamfunga, mguu unacheza, bega linacheza, ngumi inajikunja yenyewe, na wewe unafunga mkono uliokunjwa. Bandeji inakaa upande. Akifika raundi ya pili vidole vimekufa ganzi, anapiga kama anayepangusa meza, na nyinyi pale kwenye kona mnamlaumu ati hakula vizuri. Wimbo wa pole, vidole vinafunguka, mnaongea kidogo, anakwambia kama choo kimemsumbua, kama amegombana na mtu nyumbani. Mimi nimejua mambo mengi ya watu kwenye wimbo wa bandeji kuliko mapadri.

Wimbo wa kamba ndio wa kuamsha. Na uwe ule ule, siku zote, mazoezini na kwenye pigano. Msimbadilishie kwa sababu umetoka mpya na umevuma. Bondia akiuruka wimbo mmoja mwaka mzima, kamba yake inajua kila pembe ya ile ngoma. Ukiubadilisha huwezi kujua leo yuko vipi, huna cha kupimia. Nitarudi hapo.

Kila mtu na wake. Nimewahi kuwa na bondia wa Gatwekera aliyetaka mahubiri badala ya wimbo, na mhubiri awe anakemea. Mwingine alitaka rumba ya zamani, ile ya gitaa tatu, anasema inamkumbusha baba yake akinyoa ndevu. Nilimwekea. Si kazi yetu kuchagua mtu atulizwe na nini.

Sasa Nasimiyu. Huyu wengi mnamjua kwa sura. Alitujia akiwa na miaka kumi na minane, kutoka Kabiro, anakuja kwa miguu hadi Kianda na kurudi kwa miguu. Mama yake ni fundi wa cherehani pale Kawangware 56, kibanda kimebanwa katikati ya saluni na duka la misumari. Msichana alikuwa na mkono wa kushoto ambao sijauona tena. Ila kichwa chake kilikuwa moto. Akisikia ngoma nzito anapandwa, anatupa ngumi zote raundi ya kwanza kama mtu anayemwaga maji ya kufulia, na raundi ya pili amesimama tu anapokea. Barasa alimpenda hivyo hivyo. "Huyu ni moto," anasema. Mimi nilikuwa nimeshaona moto wa Barasa unaishia wapi.

Nikajaribu kila kitu kwenye wimbo wa bandeji. Kwaya, akasema inamlaza. Taarabu, akacheka hadi bandeji ikafunguka. Rumba ya yule mwingine, akaniuliza, "Ankol, hii ni ya mazishi ya nani?"

"Ni ya kutuliza."

"Mimi hainitulizi. Inanifanya nihesabu watu wote nimewahi kukosana nao."

Mkono wake haukufunguka. Nilikuwa namshika vidole nikivinyoosha kimoja kimoja, vinarudi kama mguu wa kuku.

Siku moja nikaenda 56 kumtafuta mama yake, kwa sababu nilitaka anijue kabla ya mtu mwingine kumwelezea habari zangu. Nikamkuta anashona sare za shule. Nasimiyu alikuwa hapo chini, amelala juu ya furushi la vitambaa, mdomo wazi, viganja vimefunguka kabisa. Barabarani makanga wa matatu wanapiga kelele, saluni inapiga muziki, yeye hana habari. Mama alikuwa anakanyaga cherehani na kuimba kwa pua, wimbo hauna maneno, unapanda kidogo unashuka, na cherehani inajibu. Nikasimama mlangoni mpaka akaniona.

"Wewe ndiye yule wa ngumi."

"Mimi wa bandeji, mama."

"Tofauti ni gani?"

Nikamweleza. Nikamwomba nirekodi vile anaimba, kwa simu. Akaacha kukanyaga.

"Unataka nimwimbie mtoto wangu akapigwe?"

Nikaaga nikaenda zangu. Wiki haikuisha, Nasimiyu akaja klabu na simu ya mama yake, ile ya kubonyeza, imefungwa na mpira. Ndani kulikuwa na sauti, cherehani na yule mama, na katikati mtu anauliza bei ya kufupisha suruali. Nasimiyu akasema, "Mathe amesema kama lazima niende, basi niende naye kwa masikio."

Niliiweka. Nikamshika mkono wa kushoto, vidole vikafunguka vyenyewe. Alipofika pale mtu anauliza bei ya suruali akatabasamu, na kila siku baada ya hapo alitabasamu pale pale. Tangu siku hiyo alianza kupigana raundi zote. Wimbo wa kamba akachagua ohangla moja ya haraka, ngoma ya Wajaluo, na alipokuwa anairuka, kamba na ngoma zilikuwa kitu kimoja. Mgongo wangu haukuweza kutofautisha.

Nimefika kwa ile siku.

Kulikuwa na mapigano Kawangware, Gitau ameandaa, na watu wa kuchagua timu ya taifa walikuwa wamekubali kuja kukaa mbele. Mnajua ni mara ngapi watu hao wanakuja upande wetu. Nasimiyu alikuwa amengoja hiyo siku kwa miaka mitatu. Alikuwa ameacha kazi ya kufua nguo za watu ili afanye mazoezi asubuhi na jioni. Mimi wiki hiyo nilikuwa ushago, kwetu magharibi, kwenye matanga, nilirudi asubuhi ya pigano na vumbi la safari kwenye viatu, nikaenda moja kwa moja ukumbini.

Nikamfunga bandeji. Sauti ya mama yake inacheza. Vidole vikafunguka vizuri. Lakini tulipofika pale pa suruali hakutabasamu. Nikadhani ni wasiwasi, wageni wamekaa mbele, mtu yeyote angekuwa nao.

"Uko sawa?"

"Niko poa, Ankol."

Nikaweka ohangla. Nikaegemea ukuta. Akaanza kuruka, na kamba ikaja nyuma ya ngoma. Kidogo tu. Kama mtu anayekujibu baada ya kufikiria. Nikasema labda ni sakafu mpya hii. Nikaurudisha wimbo mwanzo. Kamba ikachelewa tena, kisha ikamnasa mguu. Nasimiyu kunaswa na kamba kwa ule wimbo, ilikuwa kama mama yake ajichome sindano.

Nikazima spika.

"Mbona unazima?" Barasa amesimama mlangoni na glovu. "Tunaitwa sasa hivi. Weka ngoma ya kuingilia ulingoni, mpandishe."

"Huyu mtoto amechelewa."

"Amechelewa wapi na tuko hapa?"

"Amechelewa kwa kamba."

Nikamgeukia msichana. Nikamuuliza nani alimgonga. Akamwangalia Barasa kwanza, na hapo nikajua kuna mtu. Akasema walifanya mazoezi Jumatano na Kevo. Kevo alikuwa mvulana amemzidi uzito kilo nyingi. Nikamuuliza Kevo alimgonga raundi gani, kwa mkono gani. Akafungua mdomo. Akatafuta. Huyu msichana alikuwa akikumbuka ngumi za mwaka juzi.

"Sikumbuki, Ankol. Nakumbuka tu nikiwa nimekaa chini na kocha ananipa maji."

"Na kichwa?"

"Kinauma asubuhi. Kocha alisema nisiseme, wataniondoa."

Barasa alikuwa hapo. Hakukana. Alisema tu, "Wewe umerudi leo kutoka matanga unataka kutuharibia. Huyu akishapanda moto hatasikia kichwa." Gitau naye akaingia, tumbo mbele, anauliza kwa nini ulingo uko wazi na wageni wamekaa. Alipoelezwa akanyoosha mkono apokonye spika. Ni watu wale wale wawili, maneno yale yale, ila sasa walikuwa na mvi. Nilikuwa na makasi ya bandeji kwenye mfuko wa mbele. Nikamshika Nasimiyu mkono wa kushoto nikaikata bandeji kutoka kwenye kifundo hadi vidoleni. Halafu wa kulia. Mtu akishakatwa bandeji hafungwi tena kwa dakika mbili, na wao walijua.

Gitau alinitukana matusi ambayo sitayaandika, kuna watoto wa klabu wanaosoma. Nikampeleka msichana kwa daktari wa zamu, mama mmoja kijana aliyekaa kando ya ulingo na tochi yake. Alikuwa amempima asubuhi, na Nasimiyu alikuwa amejibu kila kitu kama alivyofundishwa. Nikamwambia habari ya kamba na habari ya Jumatano. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Akampa maneno machache ayashike, akamuuliza mambo mengine, kisha akamwomba ayarudie yale maneno. Nasimiyu akarudia mawili tu, mengine yamempotea. Daktari akafunga kalamu, akamwambia polepole, akimshika bega, "Leo hapana, dada yangu."

Alilia njia yote. Kutoka ukumbini hadi 56 si mbali, lakini tulitembea kama tunaenda Mombasa. Mimi nimebeba begi lake na spika.

"Umeniibia siku yangu, Ankol."

"Nimekuibia."

"Hawatarudi hawa watu."

"Huenda wasirudi."

"Sasa si ungeniacha tu."

Sikumwambia kuhusu sikio. Alikuwa analijua, klabu nzima inalijua, na mtu anayelia hataki mfano. Mama yake alituona tangu mbali, akaacha cherehani, akasukuma sare za watu zikaanguka chini, akakaa juu ya furushi na kumlaza kichwa mapajani. Alipomaliza kumpapasa nywele, akanionyesha kwa kidevu kiti cha wateja. Nikakaa.

Barasa alinifukuza klabu. Miezi minne nilikaa nje, na nyinyi mliokuwepo mnakumbuka mikono ilivyokuwa inafungwa wakati huo. Nasimiyu naye hakuniongelesha. Jumapili nilikuwa naenda 56, nakaa kile kiti, mama anashona, msichana ananipa kisogo. Daktari alikuwa amesema apumzike, asiruke, asikae na makelele. Kwa hivyo sikubeba spika. Nilibeba ndizi. Jumapili moja, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, akasema bila kugeuka, "Hizi ndizi zako huwa mbichi kila wiki." Nikajua tumeanza kuongea.

Daktari alipomruhusu tulianza na kamba, hapo hapo nje ya kibanda, bila wimbo kwanza, halafu na wimbo kwa sauti ya chini. Wiki za mwanzo alichelewa. Mama alikuwa anakanyaga cherehani huku anatazama miguu ya mwanawe, haulizi, ila kila kamba ikinasa na cherehani inasimama. Kisha wiki moja haikusimama hata mara moja. Mama alimaliza suruali nzima.

Barasa mwishowe aliondoka akaenda klabu nyingine, nami nikarudi kwenye bandeji; siwezi kusema amejuta, tukikutana stendi ya Olympic ananisalimia "niaje mzee" kama mtu asiye na deni. Gitau bado ana hadiwea. Sijawasamehe. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe nipate usingizi, nami nawaambia usingizi ninao, nalala upande wa sikio zima na sisikii hata majirani.

Nasimiyu alipanda ulingo tena mwaka uliofuata, pigano dogo tu hapo hapo Kawangware, hakuna mgeni aliyekaa mbele. Nilimfunga bandeji. Aliruka kamba, nikaegemea ukuta, nikaridhika, nikampa glovu. Akapoteza kwa pointi.

Tulirudi naye kwa miguu, mimi na yeye na mama yake, ambaye alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza na alitazama pigano lote kupitia vidole. Nasimiyu alikuwa na hasira na waamuzi. Akaanza kutuhesabia. Raundi ya kwanza, mkono wangu wa kushoto ulifika mara mbili kabla hajanigusa, mliona? Halafu akanipiga mbavuni, hiyo ni yake, nakubali. Halafu mimi, kidevuni. Halafu tukashikana, refa akatutenganisha, akateleza, nikampa nyingine, hiyo hawakuhesabu. Mama akasema basi mwanangu, imeisha. Mimi nikamwambia mama amwache, nilitaka kusikia kama anazikumbuka zote. Nikapunguza mwendo ili tusifike upesi, naye akaendelea, ngumi moja baada ya nyingine, mkono gani, upande gani, raundi ya kwanza, ya pili, mpaka kengele ya tatu, bila kuruka hata moja.